Usukani wa Pelagia

Hodi ya kwanza Pelagia hakuisikia. Ya pili hakuisikia vilevile. Ya tatu ilipigwa kwa fimbo mlangoni, nayo ikamezwa na mngurumo wa basi lililokuwa limetoka stendi ya Bweri na abiria sitini, sebuleni kwa mama yake, kijijini Nyegina.

Tusimlaumu haraka. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, na wageni kutoka Bunda walitarajiwa saa nane mchana. Mama yake alikuwa ameshuka ziwani kununua sato wa wageni, akaacha amri moja tu: "Maharage yako jikoni. Yakiungua, usinitafute." Kati ya saa nne na saa nane mtu anaweza kufanya mambo mengi hapa duniani. Pelagia alipanga kufanya moja, fainali ya Ligi ya Madereva wa Kanda ya Ziwa, kisha afungue usukani kutoka mezani, auzungushie shuka, ausukumie uvunguni. Alikuwa ameahidi. Ndiyo maana roho ilikuwa inamuuma hata kabla safari haijaanza.

Kwa asiyemjua, Pelagia alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye mwanya ulioonekana kila alipocheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Siku za kazi alikuwa kwenye duka la steshenari, Musoma mjini, akitoa kopi za vitambulisho na kuchapa mitihani ya shule za msingi. Jioni alirudi Nyegina, akachota maji, akamsaidia mama kupika, akaoga. Baada ya hapo alivaa shati lake la dereva, la bluu ya anga, akawasha gemu la mabasi. Hakukosa hata siku moja. Toleo jipya la gemu lilipotoka mwezi uliopita alipiga yowe pale pale steshenari, mteja akadondosha fomu zake zote sakafuni.

Basi lake la kwenye gemu alilipaka rangi mwenyewe, na kwenye kioo cha nyuma akaandika SITAKI PRESHA. Barabara nayo ilikuwa yake. Kwa miaka miwili alikuwa akipanda mabasi ya kweli kwenda Bunda na kurudi, akiomba siti ya mbele, daftari mapajani, akichora kila kona, kila tuta, kila mnara na kila mti uliokaribia lami. Madereva walimzoea wakamwita "dada wa kona". Alipomaliza, barabara ya Musoma hadi Bunda ikaingia kwenye gemu, na vijana wa Mwanza, Geita na Bukoba wakawa wanaiendesha wakiwa makwao. Na leo fainali ilikuwa inachezwa juu ya barabara hiyo hiyo.

Aliyemwambia aufiche usukani alikuwa Clever.

Clever alikuwa bwana mifugo huko Butiama, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumtuliza ng'ombe na binadamu. Pelagia alimpenda mpaka alikuwa anajionea aibu. Akimwona anashuka kwenye pikipiki na mabuti yake yenye tope, moyo ulimwenda mbio kama ameona kilima bila breki. Lakini Alhamisi, wakiwa wamesimama nje ya steshenari, Clever alikuwa ametazama viatu vyake kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Pela, nikuombe kitu kimoja."

"Omba hata viwili."

"Huo usukani. Jumamosi uuweke hata uvunguni. Baba na Shangazi wasiukute."

Pelagia alicheka, akidhani ni utani. Clever hakucheka.

"Baba aliendesha basi miaka thelathini na moja," akasema. "Tangu apate presha ya macho na leseni ikaishia hapo, hataki kusikia habari ya mabasi. Na mama alifariki mwaka huo huo. Tangu hapo anakaaga tu kwenye kiti, kimya. Sasa aje amkute mkwe wake anacheza basi? Na Shangazi ndio kabisa. Atasema nimeenda kuoa mtoto."

"Kwa hiyo unaficha usukani, au unanificha mimi?"

"Pela, usiseme hivyo."

"Nimekuuliza."

Clever akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki. Na hilo ndilo lililomchoma Pelagia. Ligi iliruhusu kila dereva awe na utingo mmoja, mtu wa kukaa pembeni, kumsomea njia na kumpa moyo. Mzunguko wa kwanza alimwomba Clever akae naye. Alikataa. Wa pili akakataa, na nusu fainali vilevile. "Watu wanaangalia laivu, watanionaje?" Basi kigoda cha utingo kilibaki kitupu mpaka fainali, na Pelagia akajiambia kwamba kumpenda mtu ni pamoja na kuvumilia kigoda kitupu. Akaahidi kuuficha. Lakini ahadi ile alilala nayo vibaya.

Sasa turudi sebuleni. Kosa la Pelagia lilikuwa kuamini saa nane. Hakujua kwamba Mzee Mugeta, baba yake Clever, kwa miaka thelathini na moja alikuwa akifika stendi kabla ya safari kwa zaidi ya saa tatu, akalikagua basi mwenyewe, na mpaka leo mwili wake haujui kuchelewa. Akialikwa saa nane, saa nne na nusu yupo. Clever alijaribu kumchelewesha Bunda kwa chai mbili, akashindwa, na simu zake kwa Pelagia hazikupokelewa. Mwishowe aliwashusha wazee barabarani kwa gari la kuazima, akawaelekeza mlango, kisha akakimbilia ziwani kumfuata mama wa binti.

Ndipo wazee wawili wakabaki wamesimama mlangoni, Mzee Mugeta na fimbo yake, Shangazi Rhobi na pochi yake ya heshima, wakisikiliza basi likibadilisha gia ndani ya nyumba. Sabufa ya Pelagia ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na roho mbaya.

"Kaka, hii nyumba ina basi ndani?" akauliza Shangazi Rhobi.

Mzee Mugeta akasogeza sikio mlangoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza injini.

"Wamekuja kutuonyesha dharau. Hodi tatu! Mimi narudi... Ngoja. Unasikia harufu?"

Yalikuwa maharage. Moshi ulikuwa unatoka dirisha la jikoni, na nyumba ikiungua mtu hasubiri kukaribishwa. Wakaingia.

Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wakimwangalia Pelagia laivu, na wote waliwaona wazee wakiingia. Maoni yakaanza kuporomoka pembeni mwa skrini. *Dereva, una wageni. Dada, nyuma yako kuna mzee. Kuna moshi!*

Pelagia aliyasoma akacheka. "Mashabiki wa Mashimba, leo hamnipati," akasema. Mashimba alikuwa mpinzani wake, kijana wa Mwanza mwenye basi jekundu. Kwenye nusu fainali mashabiki wake walimwandikia dereva wa Geita kwamba nyumba yake inaungua, maskini akasimamisha basi, akatoka nje, akashindwa. "Moshi wenu mpelekeeni mama zenu. Abiria wangu, tumeshapita Makutano, tunaingia Kiabakari. Mambo ni mazuri, Sitaki Presha ipo mbele."

Shangazi Rhobi alikimbilia jikoni. Mzee Mugeta alibaki pale pale, nyuma ya kiti. Macho yake yalikuwa yanaona cha mbele vizuri, ni vya pembeni vilivyokuwa vimefifia. Na mbele yake, ndani ya kioo, ilikuwepo barabara yake. Mnara ulikuwepo. Tuta lililovunja springi nyingi lilikuwepo. Ukaja mtaa wa Kiabakari, na kando ya lami kibanda kidogo chenye mlango wa bluu.

Pelagia alipiga honi. Mbili fupi, moja ndefu.

"Hapa madereva wote wa njia hii wanapigaga honi hivi," akawaeleza watazamaji wake. "Mbili fupi, moja ndefu. Nimewauliza sana kwa nini. Kila mmoja ananiambia aliwakuta wenzake wanapiga. Basi na sisi tunapiga."

"Nani amekufundisha hiyo honi?"

Sauti ilitoka juu ya bega lake. Pelagia aliruka kwenye kiti, akageuka, na basi lenye abiria sitini likaanza kuifuata shingo yake kuelekea mtaroni.

"Angalia mbele!" ile sauti ikafoka. "Dereva hageuki!"

Akaangalia mbele. Akalirudisha basi barabarani. Kwa pembe ya jicho alikuwa ameona koti la kijivu, fimbo, na uso ambao alikuwa ameuona kwenye simu ya Clever mara nyingi. Mungu wangu, ni saa ngapi?

"Shikamoo, Baba," akasema, macho kwenye lami.

"Marahaba. Endesha."

"Baba, naomba nizime kwanza nikupokee..."

"Una abiria?"

"Sitini, Baba."

"Sasa unawaachaje njiani? Endesha."

Akavuta kigoda cha utingo, akakaa. Fimbo akaiegemeza ukutani. Maoni kwenye skrini yalipanda mpaka hayasomeki. *Utingo amepatikana! Mzee huyo wa moto! Leo Mashimba imekula kwake!*

"Kaka!" Shangazi Rhobi alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Maharage yamekuwa mkaa! Tumesimama mlangoni kama wadai, na wewe umekaa unaangalia sinema?"

"Rhobi, niache kidogo. Tuna lori mbele."

Kweli lilikuwepo lori, refu, limejaa pamba, linatambaa. Kwenye kioo cha pembeni basi jekundu la Mashimba lilikuwa linakua. Pelagia aliona nafasi upande wa kulia. Mguu wake ukaanza kushuka kwenye mafuta.

"Usilipite," akasema Mzee Mugeta.

"Baba, Mashimba yupo nyuma. Nikisubiri ananipita."

"Mwache apite. Hapo mbele kuna daraja dogo, na ukilivuka tu, saa hizi ng'ombe wanavukaga kwenda kunywa maji. Miaka yote. Wewe umelichora daraja vizuri hivyo, ng'ombe hukuwaweka?"

Pelagia alikuwa amewaweka. Mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu dereva mmoja alimwambia. Na kwa pupa ya ushindi alikuwa amewasahau. Akainua mguu.

Basi jekundu likawapita wote wawili, yeye na lori, likipiga honi ya kejeli. Watu elfu moja na ushee wakaandika *Aaaah!* Pelagia aliuma mdomo. Alikuwa ameachia nafasi ya kwanza kwa neno la mzee aliyemfahamu kwa dakika mbili, na hakujua kwa nini alimwamini, ila sauti ile ilikuwa ya mtu aliyewahi kurudisha watu makwao salama, maelfu kwa maelfu.

Ng'ombe wakatokea. Mashimba alikanyaga breki zote alizopewa na Mungu. Basi jekundu likaserereka kiubavu, likasimama limekatiza nusu ya barabara, na abiria wake wakaanza kulalamika, nyota zikimdondoka moja baada ya nyingine. Kwenye ligi hii mshindi si anayekimbia tu, ni anayefikisha abiria bila kuwarusha. Pelagia alisimama taratibu nyuma ya lori, akasubiri mkia wa ng'ombe wa mwisho, akawapita wote.

"Vizuri," akasema mzee. Alikuwa amekisogeza kigoda mbele. "Kilima cha Balili hicho kinakuja. Shusha gia sasa, usingoje basi likuombe. Hivyo. Liachie pumzi. Hivyo hivyo, mwanangu."

Mwanangu! Pelagia alilisikia neno hilo likimwingia kifuani likakaa. Akapandisha, akashusha, akaliona jua la Bunda juu ya mabati, akaingia stendi bila kumwaga hata soda ya abiria. Skrini ikajaa dhahabu. DEREVA BORA, KANDA YA ZIWA: PELAGIA WA NYEGINA.

Alipiga yowe lile la steshenari. Akaruka, akamkumbatia Mzee Mugeta kwa nguvu zote, kisha akakumbuka anamkumbatia nani, akamwachia, akapiga magoti.

Hapo ndipo Clever alipoingia na Mama Pelagia, sato mkononi, akakuta moshi, sufuria nyeusi, shangazi amenuna, na baba yake anafuta macho.

"Pela," akasema. "Si nilikuambia uufiche?"

"Ulimwambia afiche nini?" akauliza Mzee Mugeta.

Clever alitazama viatu vyake, na Pelagia akaona kwamba asiposema leo hatasema maisha yake yote.

"Usukani, Baba," akasema akiwa bado magotini. "Naomba mnisamehe kwa hodi zenu. Naomba mnisamehe kwa maharage, hayo ni makosa yangu. Lakini usukani sitauficha tena. Ninampenda Clever. Ninampenda sana. Ila nikiingia kwenu nataka niingie nikiwa mzima, na shati langu hili. Kama haiwezekani, mniambie leo."

"Unasikia?" Shangazi Rhobi alimgeukia kaka yake. "Mke wa kuunguza chakula na kuwaacha wakwe juani kwa ajili ya honi za kwenye kioo! Ndiye unataka awe mama wa wajukuu zako?"

Clever akajongea kumshika baba yake mkono. Mzee akautoa mkono wake taratibu.

"Rhobi, Stellah wangu, mama yake Clever, aliunguza mandazi mara ngapi?"

Shangazi akaigeuza ile sufuria mikononi.

"Wewe ulikuwa unakaa naye kwenye kile kibanda cha Kiabakari. Sema."

"Kaka, hayo ni ya zamani."

"Sema, watoto wasikie."

Shangazi Rhobi aliketi, sufuria mapajani, na uso wake ukalegea. "Kila siku," akasema. "Ulikuwa unapiga honi yako, mbili fupi, moja ndefu, naye anaacha karai motoni anakimbilia mlangoni kupunga kanga. Mandazi yote meusi. Mama alikuwaga anagomba!"

"Wenzangu walikuwa wananicheka," mzee akaendelea. "Baadaye wakawa wanapiga na wao, wamsalimie shemeji yao. Nikadhani tangu afariki imekwisha. Nilijifungia ndani Bunda, nisiyaone mabasi yakipita pale kimya." Akamtazama Pelagia. "Kumbe bado wanapiga. Na huyu binti ameiandika kwenye daftari." Kisha akamgeukia mwanaye. "Na wewe ulitaka aifiche."

Clever alikuwa analia waziwazi, bila aibu. Alimfuata Pelagia pale chini, akampigia magoti mbele ya wazee, jambo ambalo Nyegina walilisimulia mwezi mzima.

"Nilikuwa mwoga," akasema. "Nilidhani namlinda Baba. Nilikuwa najilinda mimi. Nisamehe, Pela."

"Umenisikitisha, Clever."

"Najua."

"Mara tatu nimekuomba kigoda kile."

Clever aliinuka. Kamera ilikuwa bado inawaka, na watu walikuwa wameshafika elfu mbili, maana mapenzi yanavuta kuliko mabasi. Akasimama mbele yake, jasho linamtoka, akasafisha koo.

"Jamani, habari zenu. Naitwa Clever. Huyu dereva bora ni mchumba wangu, na kuanzia leo mimi ndiye utingo wake."

Pelagia alijifunika uso kwa viganja, akicheka na kulia kwa pamoja. Mama yake alikuwa ameshapiga vigelegele, sato bado mkononi.

"Jumamosi ijayo tunaleta barua ya posa," akasema Mzee Mugeta. "Nitafika mapema."

"Na maharage nitakuja kuyapika mimi," akanung'unika Shangazi Rhobi, lakini alikuwa anatabasamu. "Haya, Mama Pelagia, nipe hao samaki tuwahi. Hawa hawatatusaidia kitu."

Kina mama wakaenda jikoni. Mzee Mugeta hakuondoka mezani. Aligusa usukani kwa kidole, kisha kwa kiganja.

"Basi lililofika Bunda saa hizi, si lazima lirudi Musoma?"

"Lazima, Baba," akasema Pelagia. "Kaa."

Akamwonyesha pedeli, akamrekebishia kiti. Mwanzoni mzee aliyumba. Walipoishuka Balili mabega yake yalikuwa yametulia, mkono mmoja juu ya gia, na Clever kwenye kigoda akimsomea njia. Kiabakari ilipokaribia alipunguza mwendo.

Mbili fupi, moja ndefu.

Mlango wa bluu ulipita mtupu kwenye kioo. Mzee aliufuata kwa macho mpaka ulipotoweka.

"Hapo mlangoni," akasema, "unaweza kumweka mtu?"

"Naweza, Baba. Kesho tu."

"Kanga yake ilikuwa ya njano."

Pelagia alivuta daftari lake la kona, akatafuta ukurasa wa Kiabakari, akaandika: njano.